Dawa ya Homa ya Mafua Nayo Ihojiwe

Kipupwe kinapoingia katika mwambao wetu, wodi za hospitali hupokea watu wazima wenye homa kali, kikohozi kikavu, maungo yanayouma na pumzi za kukatika. Aghalabu huandikiwa malaria au kichomi, wakatundikiwa dripu, wakachomwa sindano, na jamaa zao wakaambiwa wawe na subira. Wengi hupona wakarejea makwao. Wachache hawarejei. Ni nadra sana jina la homa ya mafua, ile ambayo madaktari huiita influenza, kuandikwa katika faili la mgonjwa, na ni nadra zaidi kuandikwa katika cheti cha kifo. Kwa fikra za wengi wetu, mafua ni maradhi ya leso na chai ya tangawizi.

Fikra hiyo ni potofu, nasi hatuna budi kuisahihisha kabla ya kuingia katika jambo tulilolikusudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka homa ya mafua ya msimu huwaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa maradhi ya kifua peke yake. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliziweka nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara miongoni mwa zile zenye viwango vikubwa kabisa vya vifo hivyo kwa kila watu laki moja. Wazee wetu waliyajua haya kuliko sisi. Mwaka 1918, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuwa vikielekea ukingoni katika nchi hizi, ugonjwa huo uliingia bandarini kwa meli, ukapanda reli, ukawafuata wapagazi waliokwisha kudhoofishwa na njaa na mizigo ya watu wengine. Watu wazima wenye nguvu zao, waliotegemewa shambani, ndio waliozikwa kwa wingi.

Jambo tulilolikusudia leo ni dawa. Tangu mwaka 1999 ulimwengu unayo dawa ya kumeza iitwayo oseltamivir, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Tamiflu, na mwenziwe zanamivir ambayo huvutwa kwa pumzi. Baadaye ikaja peramivir ya kuchomwa mshipani, na mwaka 2018 ikaja baloxavir iliyobuniwa Japani. Dawa hizi zote zilipata vibali, zikauzwa, zikawekwa maghalani na serikali za nchi tajiri. Sisi tunauliza swali moja tu, ambalo mwananchi yeyote mwenye mgonjwa wodini angeliuliza: je, dawa hizi humwokoa mtu mzima ambaye amekwisha kulazwa?

Jibu la haki ni kwamba, baada ya robo karne, ulimwengu haujapata yakini juu ya swali hilo. Na sababu yake si ugumu wa sayansi peke yake.

Yafaa kwanza ifahamike dawa hiyo inafanya nini. Virusi vya mafua vikiingia katika chembe ya mwili hujizidisha humo, na vile vipya vinapotaka kutoka kwenda kushambulia chembe nyingine, hubaki vimenasa mlangoni mpaka vijikate kwa mkasi wao wenyewe. Oseltamivir huuzuia mkasi huo. Kwa hiyo inatazamiwa kufaa zaidi katika siku mbili za mwanzo, wakati virusi vingali vikienea. Lakini mgonjwa wetu hafiki hospitali siku ya pili. Hufika siku ya tano au ya sita, baada ya kupitia duka la dawa, pengine na kwa mganga, na baada ya nauli kutafutwa. Kifua chake kimekwisha kujaa, na sehemu ya madhara sasa yanatokana na mwili wake mwenyewe unaopigana kwa hasira kupita kiasi. Mtu huyo si sawa na kijana mwenye afya aliyeanza kupiga chafya jana. Na majaribio yaliyoipatia dawa kibali yalifanywa kwa watu wa namna ya kijana yule: watu waliokuwa majumbani mwao, si vitandani mwa hospitali.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba habari haipokelewi kwa uzuri wake, bali kwa sanadi yake: nani kaipokea kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Dawa nayo ina sanadi, na sanadi ya oseltamivir ilipofuatiliwa ilikutwa na tundu. Mwaka 2009, katikati ya hofu ya mafua mapya ya mwaka ule, daktari wa watoto wa Japani, Keiji Hayashi, aliwaandikia wachunguzi wa jumuiya ya Cochrane akiwauliza walivyojiridhisha kwamba dawa hii hupunguza matatizo makubwa ya kifua. Walipotazama waliona kwamba kauli hiyo iliegemea makala moja ya mwaka 2003, iliyojumlisha majaribio 10 ya kampuni yenye kuitengeneza dawa, ambayo 8 kati yake hayakuwa yamechapishwa kikamilifu mahali popote. Wachunguzi, wakisaidiwa na jarida la madaktari wa Uingereza liitwalo BMJ, waliomba taarifa kamili. Iliwachukua zaidi ya miaka mitatu kuzipata.

Matokeo yalitangazwa Aprili 2014, baada ya kusomwa taarifa za majaribio yenye watu zaidi ya 24,000. Kwa mtu mzima, oseltamivir ilifupisha dalili za ugonjwa kwa muda usiotimia siku moja, kutoka siku 7 hadi siku 6 na ushei, huku ikiwaongezea baadhi ya watu kichefuchefu na kutapika. Kwamba inazuia mtu kulazwa hospitali, hapakuonekana ithibati. Wakati huo Uingereza peke yake ilikuwa imekwisha kutumia pauni milioni 424 kuinunua na kuiweka ghalani, na sehemu ya akiba hiyo, yenye thamani ya pauni milioni 74, ilifutwa vitabuni kwa kuwa kumbukumbu za namna ilivyohifadhiwa hazikuridhisha. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Tunasema kwa sababu nchi maskini, zikiiga manunuzi ya matajiri, huiga na makosa yao, ila zenyewe hazina pauni za kufuta.

Wapo watakaotujibu kwamba madaktari waliowatibu wagonjwa mahututi wameona kwa macho yao dawa ikifaa. Hatulipuuzi jibu hilo. Mwaka 2014 zilichapishwa hesabu za wagonjwa 29,234 waliolazwa katika nchi nyingi kwa mafua ya mwaka 2009 na 2010, na waliopewa dawa walionekana kufa wachache zaidi kuliko wasiopewa, hasa walioipata mapema. Hesabu kubwa namna hiyo inashawishi. Lakini nani alipewa dawa mapema? Ni yule aliyefika mapema, aliyelazwa katika hospitali yenye dawa na kipimo, aliyekuwa na jamaa wa kumhangaikia, na aliyeishi muda wa kutosha hata dawa ikamfikia. Watu hao pengine wangelipona zaidi hata kama wangelipewa maji ya kunywa. Dhana nzuri ni dhana tu.

Njia ya kutoka katika dhana inajulikana. Wagonjwa waliokubali wenyewe hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa matibabu ya kawaida, kundi la pili hupewa matibabu hayo hayo pamoja na dawa inayochunguzwa. Daktari hachagui nani apate, mgonjwa hachagui, wala jamaa wa mkubwa hachaguliwi. Kisha huhesabiwa waliopona na waliofariki. Jambo rahisi kulieleza, lakini kwa homa ya mafua ya wodini halikufanywa kwa kadiri ya haja, na sababu yake inasikitisha. Kwa kuwa dawa ilikwisha kupendekezwa katika miongozo, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliona si halali kumnyima mgonjwa; na kwa kuwa hawakumnyima yeyote, hawakuweza kujua kama inamfaa. Pendekezo likawa kizuizi cha kulichunguza pendekezo lenyewe.

Majaribio yaliyofanyika wodini ni machache na mengi yalikatisha tamaa. Utafiti wa peramivir kwa waliolazwa ulisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa haukuelekea kuonyesha faida. Zanamivir ya mshipani haikuishinda oseltamivir ya kumeza. Hospitali 13 za Indonesia, Singapore, Thailand na Vietnam ziliwagawa kwa kura wagonjwa 326, wengi wao watoto, ili kujua kama dozi maradufu ya oseltamivir ina nguvu zaidi. Matokeo ya mwaka 2013 yalisema haina. Mwaka 2022 ilitangazwa habari ya baloxavir ikiongezwa juu ya dawa za zamani kwa wagonjwa 366: waliopewa zote mbili walichukua saa 97 na nusu kupata nafuu, waliopewa za zamani tu walichukua saa 100. Tofauti hiyo ya saa mbili na ushei haikutosha kuitwa faida.

Mwaka 2024 wataalamu waliyakusanya majaribio yote ya aina hii ya homa ya mafua kali, wakapata 8 tu, yenye wagonjwa 1,424. Msomaji atafakari: ugonjwa unaoua malaki ya watu kila mwaka, dawa iliyouzwa kwa mabilioni, na wagonjwa waliochunguzwa kwa haki hawaijazi hata shule mbili za sekondari. Hitimisho lao lilikuwa kwamba oseltamivir huenda ikapunguza muda wa kulazwa kwa siku moja na nusu hivi, na kwamba juu ya vifo hakuna uhakika. Mwezi Septemba mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wagonjwa mahututi, lakini kwa masharti na kwa tahadhari. Miaka 7 kabla ya hapo shirika hilo hilo lilikuwa limeishusha daraja katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwamba kazi hii inawezekana, ulimwengu uliona wakati wa Korona. Machi 2020 Uingereza ilianzisha utafiti ulioitwa RECOVERY, chini ya Chuo Kikuu cha Oxford, ukiongozwa na Peter Horby na Martin Landray. Fomu zilikuwa fupi, hospitali za kawaida zilishiriki, na kura ilipigwa kwa kompyuta. Mwezi Juni wa mwaka huo walitangaza kwamba hydroxychloroquine, iliyokuwa ikisifiwa na wakuu wa nchi kubwa, haikumwokoa mtu wodini. Siku chache baadaye wakatangaza kwamba dexamethasone, dawa ya kale na ya bei nafuu iliyomo hata katika hospitali za wilaya hapa kwetu, ilipunguza vifo kwa kiasi cha theluthi moja miongoni mwa waliokuwa wakipumulia mashine. Kabla ya hapo madaktari hodari walikuwa wakibishana, huyu akitoa, yule akikataza, kila mmoja kwa nia njema. Baadaye utafiti huo uliwaingiza na wagonjwa wa homa ya mafua, ili oseltamivir, baloxavir na dexamethasone nazo zipimwe kwa kura hiyo hiyo. Sisi tunaona huo ndio mwendo wa haki, na umechelewa miaka 20.

Tunaposema hivyo huko barazani tunajibiwa, na jibu lenyewe lina uzito: "Wanataka kutufanya panya wao." Hofu hiyo haikuzushwa na wajinga. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walitazamwa tu pasipo kutibiwa, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Mwaka 1996, uti wa mgongo ulipowaangamiza watoto wa Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliijaribu huko dawa yake mpya kwa watoto 100, na wengine 100 wakapewa dawa iliyozoeleka. Familia zililalamika kwamba hazikuelezwa zinachokubali. Mwaka 2009 kampuni, huku ikikanusha kosa, ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na serikali ya jimbo hilo. Lakini hasara kubwa zaidi ilikwisha kutokea: mwaka 2003 Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa kutoiamini, na ugonjwa ukavuka mipaka kwenda kuwalemaza watoto wa nchi nyingine. Aliyevunja amana na aliyelipa gharama hawakuwa mtu mmoja.

Hata hivyo, ipo habari nyingine iliyo karibu nasi zaidi, na tunasikitika kwamba haisimuliwi barazani. Ni ya Muheza, hapa hapa mkoani Tanga. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo ya hospitali chache za Tanzania, Kenya na Uganda zilizoshiriki katika utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi. Swali lilikuwa juu ya watoto wenye homa kali waliofika wakiwa wamepoa mikono na miguu kwa damu kutozunguka vizuri. Vitabu vya Ulaya na Marekani viliagiza wamiminiwe maji ya dripu kwa kasi. Hakuna aliyeuliza kama agizo hilo linafaa katika hospitali zetu, zisizo na mashine za kupumulia, na kwa watoto wenye malaria na upungufu wa damu. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura, na utafiti ukasimamishwa mapema, Januari 2011, kwa sababu jibu lilikwisha kuwa wazi. Katika makundi yaliyomiminiwa maji kwa kasi, watoto 10 au 11 kati ya kila 100 walifariki katika saa 48. Katika kundi lililopewa maji polepole tu, walifariki 7.

Tunamwomba msomaji alitazame jambo hilo vizuri. Matibabu yaliyoaminiwa na kila kitabu yalikuwa yakiwaua watoto wetu, na aliyekuwa akiyatoa alikuwa daktari mwema mwenye huruma, aliyekuwa akifuata mafundisho. Kama hospitali hizi zisingekubali kuuliza, yangelikuwa yakitolewa hivyo hivyo pasipo fomu, pasipo ridhaa, pasipo kamati ya maadili na pasipo mtu wa kuhesabu. Kumpa mgonjwa dawa isiyopimwa kwa watu wa hali yake nako ni kumjaribia, tofauti ni kwamba hakuna anayeandika matokeo.

Kwa hiyo msimamo wetu juu ya dawa za homa ya mafua ni huu. Hatuungi mkono kuzinunua kwa wingi kwa ajili ya maghala yetu, japo sasa oseltamivir hutengenezwa na viwanda vingi, vikiwamo vya India, na bei yake imeshuka. Wala hatuungi mkono kukaa tukingoja jibu litoke Oxford. Jibu la huko litakuwa la wazee wa Kiingereza waliochanjwa, waliofika hospitali kwa gari la wagonjwa. Mgonjwa wetu wa miaka 35, anayeishi na virusi vya UKIMWI au aliyewahi kuugua kifua kikuu, aliyefika siku ya sita, atafanana nao kwa jina la ugonjwa tu. Utafiti wa RECOVERY ulipokuwa ukishughulikia Korona ulizifikia Nepal, Indonesia, Vietnam na Ghana. Hatuoni sababu ya hospitali za Afrika ya Mashariki, zilizokwisha kuonyesha uwezo kwa swali gumu zaidi la watoto, kutokuwamo katika swali la mafua ya watu wazima.

Lakini ziwemo kwa masharti yetu. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili cha watu, na mgonjwa au jamaa yake aruhusiwe kuuliza na kukataa pasipo kukunjiwa uso. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba zitazame kila hatua, zisiishie kupiga muhuri. Dawa ikithibitika, hospitali zilizoshiriki ziipate. Isipothibitika, wananchi waambiwe hivyo hivyo waziwazi. Na taarifa zote zichapishwe, ziwe tamu au chungu, ili asihitajike daktari mwingine wa Japani kuziulizia.

Kuna kikwazo kimoja kilicho mikononi mwetu wenyewe. Haiwezekani kuijaribu dawa ya mafua mahali ambapo mafua hayatambuliwi. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, wakubwa kwa wadogo. Waliokuwa wameandikiwa malaria walikuwa 528. Walioonekana kuwa nayo kweli, baada ya vipimo vya uhakika, walikuwa 14. Tukiuendeleza mwendo huo, basi hata dawa bora kuliko zote itapita mlangoni pa wodi isijue imwingilie nani.

Waganga wakuu wa mikoa wanaoisoma safu hii tunawaomba waanze na hilo. Kabla ya kipupwe kijacho, kila hospitali ya mkoa iwe na vijiti vya kuchukulia kamasi puani, na maabara ya kuvipeleka. Na muuguzi wa wodi apewe daftari la kuandika mgonjwa alilazwa siku ya ngapi ya ugonjwa, alipewa nini, na alitoka wodini akitembea au amebebwa.